Maelekezo ya Kwenda Bac Ninh

Jumamosi iliyopita tulimzika Papa Kabemba, na mpaka naandika haya sijui hasa tumemzika mtu aliyepokewa au mtu aliyefukuzwa. Binti yake mkubwa alisimama mbele ya kanisa akazungumza kwa Kiingereza, maana watoto waliozaliwa huku Johannesburg Kiswahili wanakisikia lakini hawakisemi, akatuambia kwamba baba yake alisafiri mpaka Vietnam kutafuta ufundi wa shaba na kijiji kizima kikampokea kama ndugu. Watu wakaitikia amina. Nyuma yangu mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kule balimufukuza." Mwenzake akauliza nani kamwambia. "Yeye mwenyewe." Mwenzake akasema haiwezekani, kwani naye aliambiwa na Papa kwa kinywa chake kwamba alipokewa vizuri. Wakabishana hivyo hivyo, chini chini, jeneza liko mbele yetu. Mie nimekaa na shungi langu katikati ya Wakristo, najikaza nisigeuke nikawanyamazisha, maana kama kuna mtu aliyepaswa kuujua ukweli wa safari ile ni mimi. Mimi ndiye niliyemwandikia maelekezo. Na ukiniuliza yaliyompata kule niyaite nini, nitakuambia sijui.

Ya kwetu Tanga nayaruka, hayana msaada hapa. Nianze na chumba. Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia, vuvuzela zilikuwa bado zinauzwa kwenye robot, taa za barabarani, kwa bei ya kutupa, gari likisimama taa nyekundu tu unapulizwa sikioni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga nusu ya chumba Troyeville. Nusu ya pili ilikuwa ya friji kubwa mbili za mwenye nyumba, zilizonguruma mchana kutwa, na kila alipokuja kuchukua nyama zake alinikuta nimejifunika kanga akasema "sorry, my sister" bila kunitazama. Kutoka hapo nilitembea mpaka ofisini, mtaa wa tatu, chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na spaza, kioski cha mtaani, dari la bati lililochorwa maua ya zamani, na harufu ya dawa ya nywele iliyoingia mpaka kwenye chai. Hapo tulikata tiketi za ndege. Bosi wangu alikuwa Mkenya, Mwangi, mtu wa tai hata siku ya joto, na kwenye simu alipenda kumwambia mteja kwamba ofisi yetu iko "karibu na Sandton." Karibu na mtaa ule wa matajiri! Labda kwa ndege. Lakini siwezi kumcheka sana Mwangi, kwa sababu mwaka ule alinifundisha kitu kimoja ambacho nilikishika vizuri kuliko alivyokishika yeye, yaani kuzungumzia mahali usipopajua kama vile umelala huko juzi.

Wateja wetu wengi walikuwa wafanyabiashara waliokwenda China kuleta nguo na simu, Wakongo, Watanzania wenzangu, Warundi wachache. Kiingereza cha viwanja vya ndege kiliwasumbua. Mwangi akapata wazo: kila anayenunua tiketi apewe karatasi mbili za maelekezo kwa Kiswahili, ashuke wapi, apande nini, ale nini, aogope nini. Mwandishi mimi, kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha shule na mwandiko mzuri. Za China nilizipata kwa kuwahoji waliokwishakwenda, kazi rahisi. Basi siku moja ya Novemba, mvua ya mawe imetoka kupiga, akaingia mzee mrefu mwenye mikono myeusi kwa moshi, na kwenye koti lake, upande wa moyo, kipande cha kitambaa cheusi kidogo kama kiberiti kimebanwa kwa pini. Nikamwambia shikamoo. Papa Kabemba hakuwahi kujua shikamoo inajibiwaje, miaka yote ile, alikuwa akinijibu "jambo, mutoto" na mimi nachukulia ni marahaba. Akaketi. Akasema, "Mi natafuta kwenda pahali moja inaitwa Bac Ninh. Kule kuko batu banapiga mukuba." Mukuba ndiyo shaba, kwa watu wa Lubumbashi. Mwangi hakupepesa jicho. "Tunapajua sana huko, mzee. Rukia atakutengenezea maelekezo yote, full." Mzee alipotoka nikamgeukia: Bac Ninh ni nini? Ni nchi? "Tafuta," akasema Mwangi. "Mteja hawezi kuambiwa hatujui."

Nikatafuta. Nikaenda kwanza kumwona mzee mwenyewe, nijue anataka nini, na hapo ndipo nilipoona karakana yake Bertrams, gereji nyuma ya nyumba yao. Ukutani zilining'inia sahani bapa za shaba alizozichora kwa nyundo: wanawake wanaotwanga, tembo, sura za watu. Hizo aliziuza kwenye soko la watalii Jumapili. Lakini kwenye kona kulikuwa na rundo la vitu vilivyopasuka midomo, bakuli nusu, mitungi iliyoishia njiani. Alinieleza polepole kama anayemfundisha mtoto. Shaba ukiipiga inakuwa ngumu, unaitia motoni inalainika, unaipiga tena. Hivyo hivyo, kutoka bamba moja bapa, bila kuunga, unaweza kuinua mtungi mzima. Baba yake aliweza. Baba yake alifariki kabla hajamfikisha hapo, na yeye kila akifika kimo cha kiganja, mdomo unapasuka. Na aliyekuwa akimshikia bamba, mwanawe Trésor, kijana wa miaka thelathini, aliugua mwezi mmoja tu wakamzika Septemba. Kitambaa cheusi kilikuwa cha Trésor. Papa alisema atakivaa mwaka mzima. "Mi nataka kutengeneza moja tu," akasema. "Mutungi moja, muzima, ya kuweka ku kaburi yake. Siyo ya kuunga-unga." Mtu fulani alimwonyesha picha za kijiji kinachoitwa Dai Bai, katika mkoa wa Bac Ninh, wazee wameinua mitungi mirefu kuliko mtoto. Akaamua kwenda. Akauza bakkie, yaani pikapu yake.

Mkewe, Mama Odette, alinilisha fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, akanitazama nikila kwa mkono, akasema angalau huyu anajua kula. Kisha akaingia jikoni, na Papa akamfuata, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mbao nyembamba. Nikasikia, "Unaenda kutafuta nini kule? Mutoto hayuko kule." Kisha sauti ya mzee, ya chini kabisa: "Najua pahali eko, Odette." Nikawa naogopa kutafuna. Nimeyakumbuka maneno hayo zaidi ya mambo mengi ya maana niliyoambiwa maishani, na sikuambiwa mimi. Niliondoka pale nimejiapia kwamba mzee huyu nitamwandikia maelekezo ambayo hata Mvietnam mwenyewe angeyahitaji.

Mvietnam nilimpata Cyrildene, mtaa wa Wachina, upande wa pili wa Bez Valley. Dada mmoja jina lake Lan alikuwa na duka la kupaka kucha, meza mbili na sufuria moja ya supu iliyokuwa haitoki jikoni. Alizaliwa palepale Bac Ninh. Kila Jumanne nilikuwa nakwenda kwake na daftari, naketi kwenye kigoda, ananimiminia supu ya nyama na tambi za mchele, ananikamulia ndimu na kunitilia majani mabichi, halafu anajibu maswali yangu huku ameshika vidole vya mteja. Kiingereza chake kilikuwa kifupi kama changu. Alinicheka sana. "Kijiji cha shaba?" aliniuliza. "Mimi nimekulia kwenye kelele hizo, nimekuja Afrika nipate usingizi."

Ninayo nakala ya karatasi zile hadi leo na nikizisoma naona fahari, Mungu anisamehe. Sehemu kubwa ni sahihi. Niliandika kwamba ukishuka Hanoi usitafute hoteli ya mjini, Bac Ninh haifiki mwendo wa saa moja kwa gari, lakini Dai Bai iko mbele zaidi, umwonyeshe dereva jina lililoandikwa maana matamshi yako yatampoteza. Usiende na akili ya kuona kijiji cha kwenye picha: mkoa ni wa viwanda, utapita mageti na mageti, mabohari ya simu na vyuma, na wahandisi wa Kikorea wamejaza hoteli, kwa hiyo weka nafasi mapema. Usipige picha mbele ya geti la kiwanda. Usiwe barabarani wafanyakazi wanapobadilishana zamu, pikipiki hutoka maelfu kwa wakati mmoja. Kuvuka barabara, tembea polepole bila kusimama na bila kukimbia, watakukwepa wao. Ukirudi nyuma umejiua. Pesa yao ina sifuri nyingi, zitenge noti kwa rangi kabla hujatoka chumbani. Januari kuna baridi ya manyunyu inayoingia mifupani, chukua sweta, Asia siyo joto pote. Ukifika kijiji cha wachapaji picha au cha wafinyanzi, hujapotea, mkoa una mafundi wa kila aina, uliza shaba. Dai Bai utaisikia kabla hujaiona. Kwenye karakana vua viatu ukiona wengine wamevua, pokea kikombe kwa mikono miwili, usichomeke vijiti vya kulia wima kwenye wali, ni ishara ya maiti. Usimwombe fundi siri yake siku ya kwanza. Mshikie kitu kwanza.

Hilo la mwisho nililitoa kwa Papa mwenyewe. Sasa nije kwenye lile langu.

Tarehe za tiketi zilimpeleka Papa siku kumi kabla ya mwaka mpya wao, sikukuu wanayoiita Tet, na kumrudisha kama wiki moja na nusu baada yake. Nikamwuliza Lan itakuwaje. Alisema kabla ya Tet mafundi wana oda nyingi, mzee atatazama tu. Ufundi wenyewe aombe baada ya sikukuu, karakana zikifunguliwa. Na siku za katikati? Viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi makwao, kila kitu kimya. "Watu wanakaa nyumbani," akasema. "Asubuhi ya kwanza, mtu wa kwanza kuingia nyumbani kwako ndiye anayekuletea bahati ya mwaka mzima." Hapo mteja wake akaguta, amekatwa kidogo kwenye kidole, Lan akageuka kumhudumia, na mimi kalamu yangu ilikuwa inakimbia. Nilifurahi mno! Kumbe ni kama kwetu. Niliiona Idi ya Tanga yote mbele yangu, milango iko wazi tangu watu watoke kuswali, sahani za vileja na kaimati zimefunikwa kawa, unaingia nyumba yoyote, hakuna anayekuuliza umefuata nini, na ukichelewa kumwamkia mkubwa unanuniwa mpaka Idi nyingine. Nikaandika: "Siku ya kwanza ya mwaka wao amka mapema, uende nyumbani kwa fundi. Jitahidi uwe wa kwanza. Piga hodi, ingia, usingoje kuitwa. Mgeni njoo mwenyeji apone."

Je, Lan alisema zaidi? Hapo ndipo kichwa changu kinapovurugika. Kuna siku namsikia kabisa, ameinamia kile kidole, anasema "lakini wanamchagua," na mimi sikuinua macho. Kuna siku nyingine naapa hakusema neno. Nimejaribu kulirudia lile duka akilini, supu, mteja, redio, na kila nikirudia nakuta mambo mapya, kama sanduku ambalo kila ukilifungua lina nguo za mtu mwingine. Ninalojua ni kwamba niliandika nilichokipenda. Sikuuliza tena kwa sababu lilikuwa zuri mno kuuliza.

Alisafiri Januari. Nilimsindikiza uwanja wa ndege mimi na Mama Odette. Karatasi zangu amezitia kwenye mfuko wa plastiki, anazishika kama hati ya kusafiria. Wiki tatu zikapita, nikawa nazihesabu: leo yuko kwenye baridi, leo kavuka barabara, leo ni mwaka mpya, leo kapiga hodi. Aliporudi alikuja moja kwa moja ofisini na pakiti ya vileja vya choroko, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. Amekonda. Kitambaa cheusi kiko palepale. Nikamwuliza ilikuwaje. "Maelekezo yako ilikuwa muzuri," akasema. "Muzuri sana, mutoto." Akainuka akaenda. Mwangi alifurahi mpaka akazitoa nakala karatasi zangu akazibandika dirishani, na jioni ile akaniita "professor" mbele ya wasusi wa saluni. Mie nikatembea kwenda nyumbani kwenye friji zangu nikiwa kama nimeota mabawa.

Jumanne iliyofuata nilimpelekea Lan vileja vya kwao, nijisifu. Nikamweleza kwamba mzee wetu alikwenda kumwamkia fundi asubuhi ya kwanza, tena wa kwanza kabisa, kama nilivyomwandikia. Lan akaacha kusugua kucha. Akaniuliza nani alimwalika. Nikasema hakualikwa, ndiyo utamu wenyewe. Akaniuliza kama mzee ana tatizo lolote kwao, ugonjwa, kifo. Nikamwambia amefiwa na mwanawe, anavaa kitambaa cheusi hapa. Akaziba mdomo kwa mkono wake wenye vumbi la kucha. Kisha akanieleza, na safari hii nilisikia kila neno: mtu wa kwanza huchaguliwa miezi kabla, huangaliwa mwaka aliozaliwa, huwa ni mwenye afya, mwenye watoto wazima, mwenye mwaka mzuri nyuma yake. Wengine wote hukaa mbali na milango ya watu asubuhi ile. Mwenye msiba haendi kabisa kwa mtu, siku zote zile, asije akawaachia kifo ndani. Na kile kitambaa cheusi kifuani, akasema, sisi pia tunavaa. Kilekile. Hakuna mtu kijijini ambaye hakukielewa.

Sikumaliza supu. Eish, nilirudi kwa miguu mpaka Troyeville na sikumbuki nilipita wapi. Nilichanganyikiwa vibaya, na si kwa sababu ya aibu tu. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, mbona mzee alisema maelekezo yalikuwa mazuri? Alikuwa ananidhihaki? Hakuwa mtu wa dhihaka. Labda hakwenda. Labda walimsamehe kwa kuwa ni mgeni. Labda alijifunza, na mtungi uko gerejini, mzima, na mimi najitesa bure. Wiki mbili nilipita mtaa wa pili ili nisione nyumba yake. Nilimwomba Mwangi aondoe karatasi dirishani, akasema kwa nini, watu wanazisoma. Nikasema kuna kosa. "Kosa kubwa?" Nikainamia tiketi zangu. Leo nina miaka arobaini na zaidi, nimekosea mambo makubwa kuliko lile, nimeolewa vibaya nikaachika vizuri, na bado sijawahi kuona njia ndefu kama ile ya hatua mia nne kutoka ofisini mpaka Bertrams, siku nilipojikaza nikaenda.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa anapiga sahani bapa. Macho yangu yakaenda kwenye kona: rundo la midomo iliyopasuka lilikuwa lilelile, hakuna kipya. Nikajua. Hata hivyo nikasema, "Papa, ile asubuhi ya mwaka mpya wao, ulikwenda?"

"Nilienda," akasema, hakuacha kupiga.

"Wakasemaje?"

Nyundo. Nyundo.

"Papa, yale maneno hayakuwa ya kule. Ya kuwa wa kwanza, ya kuingia bila kuitwa. Sikuambiwa na mtu. Niliyatia mwenyewe."

Nyundo ikakaa hewani. "Ulitoa wapi?"

"Kwetu. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Kwenu," akasema. Akaiweka nyundo chini polepole, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baada. "Kwenu! Mi nasimama mu mulango ya ule mzee wa mukuba. Nabisha hodi. Mama ya mule nyumba anafungua, ananitazama hapa," akajipiga kwenye kitambaa, "analia. Mi nafikiri iko furaha, mgeni amekuja! Mi naongeza mguu! Nasema bonne année, bonne année, na mguu yangu iko mu ndani! Banachoma karatasi ku mulango juu ya kufukuza mukosi, moshi, mi nafikiri banapika. Nacheka nabo, Rukia. Batu banalia, mi nacheka. Kifo ya mutoto yangu iko hapa mu kifua, naiingiza mu nyumba ya batu, nacheka." Nikafungua mdomo niombe msamaha. "Toka," akasema. "Toka mbele yangu."

Nikatoka. Nilitaka kukimbia mpaka kwangu, lakini nilifika tu kwenye uchochoro kando ya gereji, nikaketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, nikalia kama sijawahi kulia tangu nifike nchi hii. Nililia kwa ajili yake na, nisiseme uongo, nililia kwa ajili yangu pia, kwa sababu nilikuwa nimejiona hodari. Nyundo ikaanza tena ndani, ngumu, haina mpangilio. Ikaendelea sana. Mama Odette alichungulia dirishani, akaniona, akarudisha pazia. Kisha nyundo ikanyamaza, na mlango wa gereji ukafunguliwa, na Papa Kabemba akatoka, akavuta gurudumu kuukuu akaketi mbele yangu. Hakunitazama. Alizungumza akiutazama ukuta.

Alisema mpwa wa yule fundi, aliyejua Kiingereza, alimshika mkono akamtoa mpaka barabarani, akafunga geti. Hakuwa na pa kwenda. Asubuhi ile hapakuwa na basi wala pikipiki, kijiji kizima kimejifungia, manyunyu yanaanguka. Akaketi upande wa pili wa barabara, juu ya jiwe, hajui amefanya nini. Akasoma karatasi yangu tena, aone kama amekosea mahali. Akaisoma yote.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha geti ikafunguka. Ule mzee anatoka, na nguo yake ya sikukuu. Analeta vigoda mbili na birika ya chai. Ananipatia moja, anakaa ku ingine."

"Akasema nini?"

"Na lugha gani? Hakusema kitu. Anatazama kitambaa yangu, ananyoosha mukono, hivi," akapima hewani kimo cha mtoto, kama mtu anayeuliza. "Mi nasema apana. Nanyanyua yangu, juu, mpaka hapa. Mutu muzima. Akafahamu. Tukakunywa. Chai ikaisha, akaenda kuleta ingine."

Nikamwuliza na ufundi je. Akatikisa kichwa. Baadaye mpwa alimweleza kwamba kosa ni msiba aliouvaa kifuani, naye akajilaumu mwenyewe, si karatasi yangu. Mke wa yule mzee alikataa asikanyage karakana mwaka ule, na fundi hakubishana na mkewe. Na visa ikaisha. Hakuwahi kuinua mtungi. Jumamosi tumemlaza kando ya Trésor, na kwenye kaburi la kijana kuna sahani bapa, imeota kijani kwa mvua za miaka. Hilo ndilo nililomgharimu, sina namna ya kulipunguza.

Lakini siku ile, uchochoroni, nilipomwambia nisamehe, Papa, alijifuta uso kwa kiganja, akaacha mstari wa masizi kwenye shavu. "Uko na kalamu?" akaniuliza. Nilikuwa nayo. "Ile karatasi, Mwangi anaipatia bado batu?" Nikasema ndiyo. "Basi andika." Nikatoa daftari. Akasema nifute yale ya kwetu, nami nikaandika kama alivyotaja, neno kwa neno: siku ya kwanza ya mwaka wao usiingie nyumba ya mtu. Kama una msiba, sema mapema. Wasichana wa jirani walipita wanasema Kizulu, wakatutazama, wakapita.

"Andika tena," akasema. "Bakikufukuza ku mulango, usiende mbali."

Nikamwambia, Papa, hilo si jambo la safari, Mwangi hatalikubali.

"Andika," akasema.